Wee Pili, Maharage Yanaungua!

Mama, shikamoo kutoka Igoma. Samaki wa huku, hawa sato, ni watamu mno, gauni limeshaanza kunibana.

Jana mvua ilinikimbiza hadi kibandani kwa fundi redio. Alikuwa anapiga disko la zamani, lile la vinanda vya umeme ninalolipenda, na watu waliojibanza humo wanatingisha mabega. Maneno ya Kizungu hakuna aliyeyajua. Lakini wimbo ulipofika katikati, wote wakapaza sauti: "Wee Pili, maharage yanaungua!"

Mama, ni wewe! Ni ile kaseti niliyoirekodi kwa kutega mashine mbele ya redio, ukaniharibia kwa kelele zako nikalia siku nzima. Mjomba alipohamia huku alikuja nayo, watu wakawa wanairekodi upya na kupeana.

Nikawaambia Pili ndiye mimi. Walicheka hadi wakashika mbavu! Fundi akasema anao pia wimbo huo ukiwa safi, bila sauti yako, kama nautaka.

Nimeukataa. Nimemwambia anirekodie huo wenye maharage.

Mungu akutunzie hilo koo.

Mwanao,
Pili