Aliye Ndani ya Kinyago Hana Jina

Jumatatu, 8 Machi

Mazoezi tena. Nusu ya darasa haipo, wamekimbilia machimboni. Waliobaki nawafundisha lipiko, mcheza kinyago wa kwetu Umakondeni. Watoto hawa wa Kikurya wana miguu! Sheria ni moja: akishavaa kinyago, hana jina. Anayemtaja ameiua ngoma.

Anayekiweza kweli ni Bhoke. Msichana. Kwetu Newala kinyago ni cha wanaume tu, na wazee wakisikia watanitafuna mbichi. Wanitafune.

Jumatano, 10 Machi

Baba yake Bhoke kaja. Anataka kumtoa shule akaponde mawe ya dhahabu. Ngoma, kasema, ni kazi ya wavivu. Ataamua baada ya siku ya wazazi. Nina hasira.

Alhamisi, 11 Machi

Mkuu wa shule kaniambia kinyago ni ushetani, eti nilete kwaya. Nimekataa.

Jumamosi, 13 Machi

Siku ya wazazi. Bhoke kacheza mpaka uwanja mzima vumbi. Akina mama walikimbia, wakarudi, wakakimbia tena wakicheka. Baba yake alipanda juu ya benchi aone vizuri.

Kisha mgeni rasmi, mnunuzi wa dhahabu, akainuka na zawadi. Avue, tumwone! Mkuu akanikodolea macho. Nikasimama mbele ya Bhoke nikasema hapana, lipiko havuliwi mbele za watu. Mkuu akawageukia wanafunzi: ni nani huyu? Kimya. Akatishia viboko. Kimya. Bhoke akaondoka akicheza, kinyago usoni, mpaka nyuma ya mabweni.

Sijawahi kujivunia darasa hivi.

Jumatatu, 15 Machi

Mkuu hanisalimii. Sawa. Darasa limefyekeshwa majani kuzunguka uwanja mzima kwa adhabu. Hakuna aliyetaja jina. Nilishika panga nikafyeka nao, na yeye akiwa dirishani anatuona.

Jumanne, 16 Machi

Manyunyu tangu asubuhi. Baba yake Bhoke kaja tena, binti kasimama nyuma yake.

"Mwalimu, yule mura, yule kijana wa kinyago, ana moyo! Huyu wangu mwoga, ukimwuliza kitu anatazama chini. Basi mawe nitaponda mwenyewe. Abaki hapa, umfundishe mpaka awe kama yule."

Bhoke alikuwa anatazama chini. Nikamjibu mzee kwamba nitajaribu.