Damu Chini ya Mzambarau

Jumamosi, Ziwani. Jua limewaka tangu asubuhi.

Tulikwenda kuchuma zambarau ukingoni mwa mto, kama kila msimu: mimi, mama yangu, rafiki yangu Akinyi na mama yake. Mama zetu walijuana chini ya mti huo kabla hatujazaliwa, mmoja Mkamba wa Machakos, mwingine Mjaluo wa Siaya, wote na Kiswahili cha kuombea maji. Mama alikua akichuma matunda ya porini huku akichunga mbuzi. Mama Akinyi vilevile, ila yeye zambarau huziita jamna. Mimi na Akinyi tulirithi mti pamoja na urafiki.

Leo Akinyi alikuwa juu matawini vijana watatu wenye mapanga walipotokea.

"Wamama, tokeni. Mdosi wetu amenunua hii ploti. Huu mti unaenda chini."

"Kuna mtu juu," Mama akasema.

Yule wa mbele akaanza kukata shina hivyo hivyo. Mama akajibandika kwenye mti. Kijana akamsukuma, Mama akaanguka, kichwa kikagonga mzizi. Mama Akinyi akamchapa kijana mgongoni kwa ufito wa kuangulia matunda, naye akageuka na panga. Likampasua Mama Akinyi mkono hadi nyama ikafunguka.

Nikaokota jiwe.

Lilimpata kijana mdomoni. Panga likamtoka, akaenda chini, wenzake wakatimua mbio. Nikamkalia kifuani nikaendelea kupiga. Nilisikia pua yake ikivunjika.

Sikuacha.

Akinyi alishuka akanivuta kwa nguo. "Mwende, wacha! Utamuua!"

Watu wa mtaa walikuwa wamefurika. Mmoja akaitisha tairi, mwingine petroli. Mama Akinyi, mkono umefungwa leso inayochuruzika damu, akasimama mbele ya yule kijana.

"Mkitaka kumchoma, anzeni na mimi."

"Lakini mathe, si amekukata?"

"Amenikata mimi, hajakukata wewe. Tafuta gari twende hospitali, na yeye aje."

Tukabanana gari moja. Kijana alilia njia nzima, akimwita mama yake. Mama Akinyi ameshonwa na kulazwa. Mama kichwa kinamuuma lakini anaongea, anauliza nani alibeba beseni la zambarau. Kijana yuko wodini, askari mlangoni. Mti umesimama na jeraha lake, sijui hadi lini.

Tukiwa kwenye benchi la hospitali, Akinyi aliniuliza kwa sauti ya chini, "Ungemuua kweli?"

Nikamwambia la.

Nimemdanganya. Nilitaka afe, na lile jiwe lilinikaa mkononi vizuri. Kesho, kabla hatujaenda kumwona Mama Akinyi wodini, nitamwambia.

Nikishamwambia, ataniruhusu niushike mkono wa mama yake kwa mkono huu huu?