Nyongo ya Samaki na Macho ya Babu

Babu mpenzi,

Hapa Bruxelles mvua hainyamazi, lakini tunacheka sana. Jana Tante Odette alinipeleka makumbusho kuona picha za wachoraji wa kale. Katika mojawapo, ya Mholanzi, Tobia yule wa Biblia anampaka baba yake kipofu nyongo ya samaki machoni ili aone tena. Mzee ameinua uso na kushika magoti kwa nguvu, kama wewe unapotiwa dawa.

Tante akasema kwa sauti, “Aah bon? Kumbe miaka yote nikisafisha samaki natupaka dawa jalalani!” Mlinzi hakuelewa Kiswahili, lakini alicheka naye. Jioni, akisafisha samaki tuliyemnunua sokoni Matonge, Tante aliitazama nyongo kwa muda kabla ya kuitupa.

Mimi nilisimama mbele ya picha ile nikakuombea. Mama amesema upasuaji wa macho yako ulikwenda vizuri na bandeji itatolewa Jumamosi. Kadi hii anakuletea Tonton Aimé. Nimetumia wino mzito, na nimemwomba Mama asikusomee hata neno moja. Kwa hiyo, Babu, kama umefika hapa, umefika kwa macho yako mwenyewe.

Nakukumbatia sana,
mjukuu wako Furaha