Cleophas Alivyoniambia Nilie Benki

Vere, siamini kilichonitokea. Niko kwenye gari nje ya benki hapa New Hope, huku ughaibuni, nashindwa hata kuendesha.

Unajua hospitali walivyonipunguzia shifti. Akaunti ikaingia hasi, benki ikanikata faini juu ya faini mpaka hela ya kodi ya nyumba ikaliwa. Leo nikaenda na mume wangu Cleophas kuomba warudishe.

Tukapewa kijana mmoja mweusi, tai safi, Kiingereza cha hapahapa; tukajua ni mzaliwa wa huku, Kiswahili hakijui. Nikamweleza shida zangu zote. Yeye anaandika tu kwenye kompyuta.

Cleophas akaniambia kwa Kiswahili, tena kwa sauti: "Mbona umekaa kama bibi harusi? Lia kidogo. Huyu anaonekana mwepesi kulainika."

Mwepesi, Vere. Mbele yake.

Na mimi nikajibu: "Ngoja kwanza, sijui kama ana huruma."

Kijana akamaliza kuandika, akatugeuzia skrini. Faini zote zimerudishwa.

Halafu akasema taratibu, kwa Kiswahili: "Usilie, mama. Mimi naitwa Griffins, wa Kisumu. Huruma ninayo."

Nikatafuta pa kuuficha uso wangu. Cleophas, bila hata haya, akavuta kiti karibu na kumuuliza kama wanatoa na mikopo.