Kilichofunga Bega la Mama

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi kimekuacha. Sisi huku hatujambo, isipokuwa bega la Mama, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Unakumbuka nilivyokuandikia kwamba mkeo anamuumiza. Kila asubuhi alimwingiza Mama chumbani, akafunga mlango, kisha nikasikia vilio. Nilitega sikio pale mpaka chai yangu ikapoa. Akitoka, wifi ananisalimu kwa adabu, na adabu ile ndiyo ilinitia shaka zaidi. Tangu Mama ateleze bafuni nilikuwa nimemfunga mkono kwa kitambaa, nikauning'iniza shingoni. Kila wifi akitoka, nilikuta umefunguliwa. Nikaufunga upya, nikakaza. Wiki saba tulishindana hivyo.

Ulipoandika arudi kwao, nilishusha pumzi. Lakini bega halikupona. Jana nikampeleka Mama hospitali, nia yangu daktari aandike kwamba alivutwa mkono, nikutumie karatasi iwe ushahidi.

Daktari wa viungo aliunyanyua mkono polepole. Ukagoma ulipofika usawa wa kifua. Picha ilionyesha mifupa mizima. Akaeleza kuwa kiungo cha bega kimevikwa mfuko mwembamba, unaoshikilia mfupa mahali pake na kutunza ute wa kulainisha. Chini, upande wa kwapa, mfuko huo umelegea na kujikunja, ili mkono upate nafasi ya kupanda. Mimi fundi cherehani nilimwelewa upesi: kwapa la gauni likibana, mkono haupandi. Mkono ukikaa bila kutumika, alisema, ile mikunjo hushikamana na mfuko husinyaa. Akauliza ni nani aliyeufunga muda wote huo.

Ndugu yangu, kuna jambo sikukuandikia. Mama aliniambia mapema kwamba muuguzi alimwagiza mkeo amnyooshe mkono kila siku, na kwamba ni yeye Mama aliyetaka mlango ufungwe, kwa kuona haya kuvuliwa nguo. Nikamjibu kuwa anamtetea mkwewe. Nilipokuandikia nikataja vilio, mazoezi nikayaacha. Nilikuwa na wivu. Mama alikuwa akimwita yeye kabla yangu.

Mfuate mkeo, umsomee barua hii yote, usiruke mstari. Daktari anasema bega laweza kulegea kwa miezi mingi ya mazoezi. Leo asubuhi nilijaribu mimi. Mama akauondoa mkono wangu, akasema atamsubiri mkwewe.

Anakusalimu sana. Mimi naona aibu hata kukusalimu.

Ni mimi dada yako,
Fundi