Sufuria Moja Inatosha

Lubumbashi, tarehe 9 mwezi wa sita 2024

Mama yangu,

Jambo sana kutoka kwetu, mutaa wa Golf. Mugongo wako iko namna gani na hii baridi? Emery na batoto betu beko bazima. Naandika, sikupigi simu, juu ungesikia sauti yangu imevunjika.

Unajua nilipunguza vitu vyote vya jikoni. Nilibakisha sufuria moja, na sahani ya kila muntu wa nyumba, basi. Tunapika kitu kimoja, tunamaliza, hakuna kinachooza mu frigo. Kichwa yangu ilikuwa nyepesi.

Siku ya Mungu iliyopita, kisha kanisa, papa ya Emery alikuya kututembelea. Alikuya na dada yake, tantine Delphine wa kule komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, ule alimulea Emery. Habakutuambia mbele, lakini unga ilikuwa mingi, ningeweza kuongeza. Nikasema, inatosha. Nikagawa ile bukari nilikuwa nimesonga, na mboga ya lengalenga, kidogo kidogo, na nikaanza kubafundisha: mwili hauombi mingi, sisi tunapika juu ya kujionyesha, hata Tantine ajaribu. Papa nilimupa sahani yangu, ya Tantine ikakosa, akakulia mu kifuniko ya sufuria. Alipotaka kuongeza, bukari ilikuwa imeisha.

Akaniuliza polepole: "Josée, nani alikunyima chakula?"

Nikacheka. "Hakuna, Tantine. Nilichagua mwenyewe."

Akasema "Aa," akaweka kifuniko chini. Tangu siku ile Emery ananijibu neno moja moja. Mama, nilikosa wapi?

Mutoto wako,
Josée

Sakania, tarehe 17 mwezi wa sita 2024

Josée mutoto wangu,

Barua ilifika. Mugongo unauma asubuhi tu, usiogope. Batoto ubasalimie.

Kula kidogo si kosa. Hata mimi nilibapikia mu sufuria moja, na mulikomaa. Lakini kuna kitu Emery aliniambia mbele ndoa yenu ifungwe, na mimi nilinyamaza juu ilikuwa siri ya nyumba yao. Bwana ya Delphine alipofukuzwa kazi ku mine ya shaba, ule mama alikuwa anagawia batoto chakula yote, anabaambia alishakula ku soko. Batoto banaamini. Emery alijua ukweli siku alimukuta ameanguka karibu na mbabula, jiko yake ya makala.

Ni ule mama wewe ulimufundisha kukula kidogo. Niliposoma, nilipata haya kama ni kinywa yangu ilisema. Nenda kwake. Usibebe kitu.

Mama yako

Sakania, tarehe 20 mwezi wa saba 2024

Josée,

Uko muzima? Sijapata jibu. Ku simu unaniambia habari ya masomo ya batoto tu, na mimi sikuulizi. Ulienda?

Mama yako

Lubumbashi, tarehe 4 mwezi wa nane 2024

Mama,

Unisamehe kwa kunyamaza. Tuko bazima. Nilikuwa nafika mpaka ku soko ya Kenya, narudi. Jana ndiyo nilifika kwake.

Alifurahi kuniona, na hiyo iliniumiza zaidi. Nilianza: "Tantine, nimekuya kuomba..." Akanikata: "Ingia kwanza. Ulikula?" Nikasema ndiyo. Hakusikiliza. Mbabula ilikuwa baridi, akaenda kuomba makala kwa jirani. Akakung'uta mufuko wa unga juu ya sufuria, akaupiga chini kwa mukono mpaka vumbi ya mwisho ikatoka. Akaweka bukari yote mbele yangu, na dagaa.

"Na wewe, Tantine?"

"Mimi nilishakula asubuhi."

Nilitaka kusukuma sahani. Lakini kukataa ingekuwa kumufundisha mara ya pili. Nikakula yote, Mama. Yeye anaangalia, anaulizia batoto, anasema nimekonda. Neno ya musamaha hakuniachia nafasi ya kuisema.

Nataka nimupelekee gunia ya unga, nangoja neno yako kwanza.

Mutoto wako,
Josée

Sakania, tarehe 11 mwezi wa nane 2024

Josée mutoto wangu,

Mugongo umepoa. Ulifanya vizuri kumaliza sahani.

Unga, Emery apeleke, na asikawie. Yeye ni mutoto wake, Delphine atapokea bila kuuliza. Ikitoka kwako wewe sasa, ataona unarudisha ile bukari yake, na itakuwa kama hukukula. Wewe kaa na haya yako kwanza. Ni nzito, najua. Usitafute kuipunguza.

Mama yako