Mbegu za Maman Koleta

Alhamisi, 4 Februari 1999
Kazini dispensari hadi saa saba. Kadi za wagonjwa zimepangwa kwa herufi. Kisha darajani, kama kila Alhamisi. Nimewauliza wanawake kumi na mmoja waliotoka ng'ambo, Kongo. Hakuna aliyemwona Viateri. Mwaka wa tatu namtafuta mume wangu kwa wauza mawese. Nimechoka.

Jumapili, 7 Februari
Mvua nzuri. Bugarama yote inapanda mtama. Shamba langu magugu. Kwetu nyumba yenye kilio haipandi mpaka mtu wa ukoo wa mume ampe mjane mbegu mkononi. Hapo kilio kimeisha. Anaweza kulima, anaweza kuolewa. Shemeji Damaseni ndiye pekee aliyebaki wa ukoo huo. Hatoi. Mimi si mke, si mjane. Nakaa kwake tu.

Jumanne, 9 Februari
Sadiki amepita dispensari akitoka zamu kiwandani, kichwa cheupe kwa simenti. Kikohozi chake kilipona mwezi uliopita. Bado anakuja. Anasema atangoja nifunguliwe. Nampenda. Nimeandika, basi.

Alhamisi, 11 Februari
Daraja limefungwa. Wanasema kuna mapigano ng'ambo. Nimesimama kwenye kizuizi saa mbili nzima. Nilifurahi kwamba hakuna wa kumuuliza. Aibu.

Jumamosi, 13 Februari
Nimemwomba shemeji mbegu. Amekataa.
"Weye ungali bibi ya mukubwa yangu. Nikikupa mbegu, niko namuzika."
Kisha akalia. Ni yeye aliyemwambia kaka yake abaki Bukavu kulinda duka, sisi tukakimbia. Sijawahi kumlaumu kwa mdomo. Kwa moyo, kila siku.

Jumatatu, 15 Februari
Maman Koleta ni jirani tu, si ndugu. Watoto wake wanne waliisha vitani. Tangu nifike tunapika moto mmoja. Asubuhi ameniita uani, amenimiminia mtama kiganjani.
"Maman, weye si wa ukoo," nikamwambia.
"Batoto bane nilizika bila kuona mwili. Nani atanifundisha hii kazi?"
Nilifunga ngumi. Sikumwaga hata punje.
Viateri amekufa. Sijawahi kuandika hivyo.

Jumanne, 16 Februari
Nimepanda mistari sita. Shemeji ameona. Hakupiga kelele. Ametoa godoro na sanduku langu nje, akasema, "Enda kwa ule mama yako mupya." Nimekwenda. Chumba kimoja, kitanda kimoja. Maman Koleta anakoroma. Sikulala.

Alhamisi, 18 Februari
Sikwenda darajani. Saa nane miguu ilitaka kwenda. Nimeikalia.
Sadiki ameleta mbao za kitanda, mavumbi mwili mzima.
"Papa, umekuja kuchumbia ao kupaka ukuta?" Maman Koleta akamuuliza.
"Vyote, Maman."
Nimemwambia angoje mavuno. Amekubali, akaendelea kupigilia misumari.

Jumapili, 21 Februari
Baada ya misa nimepita shambani. Hakuna kilichoota bado. Pembeni kuna mstari wa saba, umepinda, mashimo mengine yamefunikwa vibaya. Maman Koleta hapandi hivyo. Shemeji ni mtu wa duka, hajawahi kushika jembe.
Nimeyafunika mashimo vizuri kwa mkono. Mstari nimeuacha ulivyopinda.